Ukuta Usio na Lipu

Nyumba yangu ina ukuta mmoja ambao haukupakwa lipu. Ni ule wa jikoni kwa nje, unaotazama mlima. Kuta nyingine zimepakwa na kupigwa rangi, na mgeni akizunguka nyuma hudhani tuliishiwa saruji. Ukisogea karibu utaona, kwenye mstari wa tano kutoka chini, kushoto kwa mlango, matofali machache yenye kishimo usoni, kama vile mtu aliyabonyeza kwa kidole gumba udongo ukiwa mbichi. Hapo ukuta umekuwa mweusi na laini. Mke wangu alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mlango, jioni, sufuria ikiwa jikoni, na kiganja chake kikiwa ukutani.

Alifariki mwishoni mwa mvua zilizopita. Nilimzika Igamba, kwenye shamba la marehemu baba, kando ya mibuni, na watu walisema nimemheshimu. Lakini nilimzika mbali na mtoto wetu, na mtoto huyo ni mimi niliyemwondoa pale alipolazwa. Haya mawili ndiyo ninayoyaandika. Mengine nitayataja kwa sababu hayaachani nayo.

Tulifika mlimani hapa tukiwa wawili na godoro moja. Nilikuwa nabeba mizigo mpakani, nikihamisha magunia na katoni kutoka gari hili kwenda lile. Mji wa Tunduma ulikuwa chini, umeshikana na barabara. Huku juu kulikuwa na miti ya porini, mawe, nyasi ndefu na vichuguu. Mzee aliyetuachia eneo alinionyesha mipaka kwa kunyoosha fimbo: kuanzia mti ule, hadi jiwe lile, ukirudi mpaka kichuguu kile. Kichuguu kilikuwa kirefu kunizidi, juu yake umeota mti mdogo wa miiba, na upande wa chini kulikuwa na kivuli kisichokauka hata kiangazi.

Tulijenga kibanda cha miti na udongo. Hatukuuchonga mlima. Kibanda kiliufuata mlima ulivyo, kwa hiyo kitanda kiliinama, na asubuhi tuliamka wote tumeporomokea upande mmoja. Mke wangu alicheka.

"Mwanaume wewe, mlima huu umetufungisha ndoa mara ya pili."

Mwaka wa pili tulipata mtoto wa kike. Hakufikisha miezi miwili. Alishikwa na homa, tukaondoka naye kwenda zahanati, mama yake amembeba mgongoni, mimi mbele nikikata njia kwa miguu kwa sababu nyasi zilikuwa na umande. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshatoka. Tulipofika kwenye jiwe kubwa mke wangu akasimama. Akasema, "Amekuwa mzito." Nikamwambia tuongeze mwendo. Akasema tena, taratibu, "Nimekwambia amekuwa mzito." Ndipo nikageuka.

Kwa wazee walionilea, mtoto ambaye hajaota jino hazikwi na wanaume. Hawekewi tuta wala msalaba, na watu hawaitwi. Wanawake wawili au watatu humchukua wakamtafutia mahali penye ubaridi, ili tumbo la mama lisije likakauka. Mwanaume haulizi ni wapi. Mama mwenyewe hasemi. Nilifundishwa kwamba ukipajua utapita hapo ukiwa na huzuni, na huzuni ya baba humzuia mtoto mwingine asije.

Basi nilikaa mbele ya kibanda. Jirani yangu wa wakati ule alikuwa dereva wa malori, Mwislamu kutoka pwani, akakaa na mimi. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Kwetu hata wa siku moja anaoshwa, anaswaliwa. Ana jina."

"Kwetu hapana."

"Na wewe baba yake unakaa tu hapa?"

"Ndiyo desturi."

"Haya. Pole, ndugu yangu."

Nyuma ya kibanda nilisikia jembe. Halikuwa mbali. Waliokwenda walikuwa mke wangu, dada yake mkubwa, na mama mmoja jirani aliyekuwa mkunga. Waliporudi walinawa mikono, wakapika uji, na mkunga akaniambia, "Kula, baba." Sikuuliza kitu. Nilijivunia kwamba sikuuliza.

Mvua za kwanza zilipofuata, kumbikumbi walitoka kwenye kile kichuguu kwa wingi, mpaka hewa ikawa kama inachemka. Mke wangu alikuwa mtu wa kumbikumbi. Kwao alikuwa akiwala wakiwa bado wanatembea. Nilimkusanyia beseni zima nikamletea. Akalitazama, akalifunika, akampa jirani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Tangu siku ile hakula kumbikumbi wa pale, ila akienda Igamba alikuwa anakula.

Miaka ikapita, mji ukaanza kutupanda. Malori yaliongezeka mpakani, na kila lori lilileta watu wanaohitaji pa kulala. Wapima ardhi wakaja wakapiga vigingi. Kila aliyepata kiwanja alianza kwa kuutia mlima adabu. Unaukata mlima nyuma, udongo unautupa mbele, unapata mahali pa kuweka chumba. Aliye chini yako anaona udongo wako umekuja kwake, naye anaujengea ukuta wa mawe au anausukuma kwa anayefuata. Mawe makubwa tuliyachomea moto, tukayamwagia maji ya baridi yakapasuka. Kijito kilichokuwa kikitoka juu kilifukiwa na watu watatu tofauti, na kila masika kilitafuta nyumba nyingine ya kupita. Mlima ukawa ngazi nyekundu. Ukiutazama kutoka barabarani unaona kama mtu aliyechunwa.

Na mimi nilitaka nyumba. Tulikuwa tumepata binti mwingine, anasoma, na kibanda kilikuwa kimeanza kuelekea chini kama mtu anayesinzia. Nilichonga kiwanja mwenyewe kwa sururu na jembe, asubuhi kabla ya kwenda mpakani. Yakabaki matofali. Kwa tofali la kuchoma hakuna udongo kama wa kichuguu. Mchwa wameshauchekecha, hauna kokoto, haupasuki kwenye moto. Watu walikuwa wanaufuata mbali kwa mikokoteni. Mimi ninao nyuma ya nyumba.

"Kile kiache," mke wangu alisema.

"Kwa nini?"

"Chimba kule juu."

"Kule juu ni moramu tupu. Unataka nyumba ya kokoto?"

"Basi nunua udongo kwa watu."

"Ninunue udongo na ninao? Watanicheka."

"Wacheke. Nimesema kiache. Kila kitu mpaka utafuniwe?"

Nilidhani ni mambo ya mizimu, ya kwao. Nilimtania kwamba anaogopa nyoka. Sitasema kwamba sikujua kitu. Nilijua kwamba jambo lile lingemuumiza. Sikujua kwa nini, na sikutaka kujua, kwa sababu nilitaka udongo.

Mwezi wa sita mama yangu alituma ujumbe kutoka Igamba kwamba kahawa imeiva na mikono haitoshi. Mke wangu akaenda na mtoto kwa wiki tatu. Siku ya pili yake niliwaita wafyatuaji, ndugu wawili kutoka Chitete, watu wa maneno mengi na kazi nyingi. Walikata ule mti wa miiba, wakaanza kubomoa kichuguu kutoka juu.

"Mzee," mkubwa wao aliniambia, miguu ikiwa kwenye tope, "mama akirudi atadhani amekosea njia."

"Atajua tu, mume hajabadilika," mdogo akasema.

"Huyo ndiye alipaswa kubadilishwa."

Tulicheka. Walikuwa wanacheza kwenye tope kama watu wa ngoma, wanalikanyaga mpaka linakuwa laini, wanalijaza kwenye kalibu, wanafyatua, wanapanga mistari na kuifunika nyasi. Kazi ilikwenda vizuri. Kichuguu kilishuka mpaka usawa wa ardhi, kisha wakaingia chini, kwa sababu udongo wa chini ndio mzuri zaidi.

Siku chache kabla hawajamaliza, mdogo aliniita. Jembe lake lilikuwa limenasa kitambaa. Kilikuwa kipande cha kitenge, kimeoza, kimekuwa rangi ya udongo, lakini kwenye pindo bluu ilikuwa bado inaonekana, na vimduara vyeupe. Kitenge kile nilikinunua mwenyewe ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa mshahara wa kwanza. Nusu yake nyingine ilikuwa ndani, kwenye sanduku.

"Kuna mtu kaficha nguo humu," akasema.

"Mchawi wake huyo," ndugu yake akajibu. "Mzee, umefumuliwa!"

Walicheka. Nami nikacheka. Nikasema, "Matambara tu hayo. Tupa, endeleeni."

Akakitupa upande, akaendelea. Mimi nikaingia ndani nikakaa kitandani. Sikuona mfupa. Nasema kweli, sikuona. Lakini pia sikutazama. Ningeweza kutoka nikawaambia simameni. Zilikuwa hatua kama kumi na tano. Nilisikia jembe kama nilivyolisikia mara ya kwanza, na nikakaa kama nilivyokaa mara ya kwanza, ila safari hii haikuwa desturi.

Mke wangu alirudi siku mbili baadaye, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto nyuma yake. Alisimama alipofika usawa wa kibanda.

"Kichuguu kiko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikanyoosha mkono kwenye mistari ya matofali iliyofunikwa nyasi, nikasema kwa utani, "Hicho hapo. Kimelala."

Aliutua mkungu. Hakulia, wala hakunitukana. Aliwasalimia wafyatuaji, akaingia jikoni akawapikia ugali. Mimi nikaenda kazini, nikafurahi kwamba imekwisha.

Tanuri lilichomwa kwa pumba za mpunga zilizoletwa kwa lori kutoka Kamsamba. Pumba haziwaki kwa fujo kama kuni. Zinakula polepole, siku baada ya siku, na moshi wake unakaa chini. Mke wangu alikaa karibu na tanuri siku zote. Majirani walimwambia ataugua kifua. Alisema anasikia baridi. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa huku unajulikana, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Fundi aliyejenga alitoka ng'ambo, Mbemba, mpole, akimwita mke wangu "bamayo", yaani mama kwa Kibemba. Nakumbuka siku moja nilimkuta mke wangu anazungumza naye chini chini, ameshika tofali. Nilipouliza, fundi alisema, "Bamayo anachagua ya jikoni kwake." Nikaona ni mambo ya wanawake na jiko.

Tuliishi humo miaka mingi. Nyumba haikuwa na ubaya. Binti alikua, akasoma, akapata kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Lakini nitaeleza mambo matatu ambayo niliyaona na kuyapita.

Lile shimo la kichuguu lilibaki nyuma ya nyumba, nikaligeuza la taka. Watu wote wa nyumba walitupa humo, isipokuwa mke wangu. Yeye alizunguka na majivu yake na maganda yake mpaka ng'ambo ya uzio, hata mvua ikinyesha. Lilipojaa nililifukia kwa kifusi nikaweka tangi la maji juu yake. Tangi hilo halijawahi kukaa sawa. Kila masika ardhi inatitia upande mmoja, tunaongeza mawe, inatitia tena.

Jingine ni mchwa. Kila mwaka walitoka chini ya msingi wakajenga njia zao za udongo kwenye ukuta wa jikoni, mpaka kwenye yale matofali yenye vishimo, wakaishia hapo. Nilikuwa nawamwagia oili chafu. Mke wangu hakuwahi kuwafagia.

La mwisho ni ule mkono. Nilipomuuliza kwa nini anashika ukuta alisema una joto. Ni kweli, jua la jioni linaupiga. Niliposema tupake lipu nyumba yote alikubali kuta tatu, wa nne akakataa, na nilipoendelea akaniambia, "Huo niachie mimi. Umeshachukua mlima mzima." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilikwenda kukaa barazani, nikijiuliza kama anajua. Nikajiambia hajui. Angejua angeondoka.

Alipougua, mwaka huu, alikuwa hospitali siku kumi na mbili. Alikuwa na akili zake. Siku moja mchana, nikimlisha uji, akanishika mkono.

"Usinipeleke mbali na jiko."

"Utapona, utarudi jikoni kwako."

"Sisemi hivyo. Baba, nisikilize. Usinipeleke mbali na jiko langu."

Nilisema sawa. Manesi walifikiri anaweweseka. Mimi nilielewa, au nilielewa nusu. Kuielewa nusu ya pili ilikuwa lazima nimwambie habari ya kitenge, na nilikuwa nimekaa nayo miaka zaidi ya ishirini. Nikamfuta mdomo. Siku tatu baadaye alifariki.

Huku kwenye viwanja vilivyopimwa hatuzikani nyumbani. Lakini makaburi ya mtaa yapo, unayaona ukisimama jikoni kwangu, juu kidogo ya tangi la mtaa. Ningeweza kumzika pale. Nikasema hapana, mke wangu hatalala na wageni wa mpakani, atalala kwetu. Kila mtu alinisifu. Ukweli ni kwamba nilitaka umbali. Nilitaka mmoja awe huku na mwingine awe kule, ili wasiniseme.

Kilichofuata kililetwa na upendo wa binti yangu. Mwezi wa saba alikuja na fundi, mchanga na saruji, akasema anataka kuimalizia nyumba ya mama yake kabla ya misa ya kumkumbuka. Sikumzuia. Fundi alikuwa ameshalowesha ukuta na kuchanganya saruji, mwiko uko mkononi, wakati yule mkunga wa zamani alipoingia uani na fimbo yake. Sasa ni bibi kizee kabisa, tunamwita bibi sote, ila yeye ananiita mwanangu.

"Wewe kijana, weka chini hiyo."

"Shikamoo bibi," fundi akasema. "Saruji inakauka."

"Marahaba. Ikauke. Hiyo ni saruji, utanunua nyingine."

Binti yangu akacheka. "Bibi, ukuta wetu umekukosea nini?"

"Mimi haujanikosea." Akanigeukia. "Mwanangu, mwambie akanywe chai."

Fundi akaenda. Bibi alikaa kwenye kigoda cha mke wangu, akaweka fimbo magotini, akasema bila kunitazama, "Nimeapa sitamwambia mwanaume. Basi nauambia ukuta. Wewe sikiliza ukitaka."

Akasema. Kwamba siku ile mke wangu aliporudi kutoka Igamba, mimi nilipokwenda kazini, aliwauliza wafyatuaji ni matofali gani ya udongo wa chini kabisa, upande wa kivuli. Wakamwonyesha mstari wa mwisho, yalikuwa hayajakauka. Akapiga magoti, akayabonyeza kidole kimoja kimoja ili yasimpotee ndani ya tanuri. Wale vijana walidhani ni alama ya mwenye nyumba. Mmoja akamwambia kulitoka hata kitenge. Akakitafuta kwenye nyasi, akakipata, akakizika upya akisaidiwa na bibi huyu, chini ya mlango wa jiko, kabla msingi haujapita. "Akaniambia, bibi, mume wangu amekiona kitenge hiki. Nikamwambia, basi muulize. Akasema hapana. Siku akitaka kuniambia, ataniambia."

Mwiko wa fundi ulikuwa juu ya karai. Nilikuwa nautazama huo. Binti yangu alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Nilikiona," nikasema. "Nilisema ni matambara. Nikasema watupe, waendelee."

"Baba," binti akasema. "Mnaongea habari gani? Kitenge cha nani?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza nilisema kwa mdomo kwamba tulikuwa na mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mimi si wa kwanza," akasema. Baadaye kidogo, kwa sauti nyingine: "Na ukampeleka mama Igamba."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nikijua nusu."

"Hakuna nusu, baba."

Aliingia ndani. Bibi akaugusa ukuta kwa ncha ya fimbo, akihesabu vishimo, akaacha katikati.

"Mama hawezi kurudishwa," nikasema. "Kufukua kaburi sitaweza. Je, mtoto anaweza kwenda?"

"Anaweza. Lakini si kwa mkono wako."

"Matofali yote haya?"

"Mtoto ni mmoja, tofali ni moja. Tukianza kugawana udongo hatutamaliza leo."

Shemeji yangu, yule dada mkubwa wa mke wangu, aliitwa kutoka Vwawa. Alifika kesho yake. Hakunisalimia mpaka alipokunywa maji. Kisha akasema, "Shemeji, umezeeka vibaya," nami nikajua kwamba ameshaambiwa. Yeye ndiye aliyechagua. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akashusha mkono bila kutafuta, na mkono ukakaa kwenye tofali lililolainika kuliko mengine. Niliombwa kazi moja tu, ya tindo na nyundo, kwa kuwa ukuta niliujengesha mimi. Nilikwangua udongo wa kuunganishia pembeni, taratibu, kwa saa nzima. Lilipoanza kucheza wakaniambia nitoke.

Waliliosha kwa maji. Binti yangu alifungua sanduku la mama yake akatoa ile nusu nyingine ya kitenge, bluu yenye vimduara vyeupe, imekunjwa mara nne, haijawahi kushonwa. Walilifunga tofali humo, na shemeji akaliweka mgongoni, akajifunga kanga juu yake, akaruka kidogo kama wanavyofanya kina mama ili mtoto akae vizuri.

Mlowo tulibadilisha gari, tukapanda la Kamsamba ili tushuke Igamba. Mama mmoja aliyeketi nasi alichungulia mgongoni kwa shemeji.

"Ametulia huyo! Wangu angekuwa ameshatupigia kelele."

"Amelala," shemeji akasema.

"Wa miezi mingapi?"

"Miwili, bado kidogo."

Binti yangu aligeukia dirishani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Gari liliporuka kwenye mashimo, shemeji alipeleka mkono nyuma akashikilia.

Igamba kulikuwa na baridi, kahawa imeanikwa kwenye vichanja, watu wengi wako mashambani. Kaka yangu alitupokea, akauliza tumeleta nini. Shemeji akamwambia, "Ya wanawake," naye akarudi kwenye kahawa yake. Mimi nilisimamishwa njiani, kwenye kona kabla ya mibuni, uso ukiangalia barabara. Shemeji, bibi na binti yangu wakaingia shambani.

Nilisikia jembe. Ni lile lile. Lilipiga mara chache, kwa sababu udongo wa shamba ni laini, kisha likanyamaza muda mrefu. Nilitamani kugeuka kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Kulikuwa na kuku kwenye njia, nikamtazama kuku. Sijui kama walimweka upande wa kichwa au wa miguu, kulia au kushoto. Sitaambiwa, na sitauliza, na safari hii sina cha kujivunia.

Walitoka mmoja mmoja. Binti yangu alipita akanishika kiwiko, akakiachia, akaendelea. Bibi aliomba maji. Shemeji alikuja wa mwisho, kanga mkononi, akinyoosha mabega kama mama aliyetoka kutua mtoto.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Twende ukale."

Akatangulia. Mgongoni mwake, kwenye blauzi nyeupe, palikuwa na vumbi jekundu, limejichora pembe nne. Nilitaka kumwambia ajipanguse. Nikamfuata, na alirudi nalo hivyo hivyo mpaka Vwawa.